Dhahabu ya kwanza ya Kenya ilitoka Makadara

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na mazoea ya kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wengi wao wakiwa walimu watarajiwa, swali moja la historia ya michezo ambalo halimo katika somo langu la isimu. Huwauliza ni Mkenya gani wa kwanza aliyetuletea nishani ya dhahabu katika mashindano makubwa ya kimataifa. Darasa zima hujibu kwa sauti moja kwamba ni Kipchoge Keino. Wachache waliosoma zaidi humtaja Naftali Temu, aliyeshinda mbio za mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Majibu yote mawili yana heshima yake, kwani Keino alishinda dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1966, na Temu ndiye aliyetuletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Hata hivyo, kabla ya Kingston na kabla ya Mexico, palikuwa na Perth, Australia, mwaka 1962. Na aliyeshinda huko hakutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa wala milima ya Kisii. Alitoka Makadara, Mombasa. Jina lake ni Seraphino Antao.

Nimeona yafaa kumwandika mtu huyu kwa sababu ninayoyasikia katika shule zetu za Pwani yananisikitisha. Hapa Mariakani, kilomita zisizofika 50 kutoka mtaa aliozaliwa Antao, mtoto akionyesha dalili ya kuwa na mbio atasikia mapema kwamba riadha ina wenyewe, na wenyewe hao wako mbali. Ataambiwa kwamba sisi wa joto na chumvi hatukuumbiwa mbio. Maneno haya husemwa kwa mzaha, lakini mtoto huyapokea kama elimu. Mwalimu naye, akiwa na mtihani unaomkabili, hukichukua kipindi cha michezo akakifanya cha hisabati, akijiliwaza kwamba hakuna kilichopotea. Maisha ya Antao yanaonyesha kwamba kilichopotea ni kikubwa.

Seraphino Antao alizaliwa Makadara tarehe 30 Oktoba 1937, katika familia ya Wagoa. Wagoa ni watu ambao asili yao ni Goa, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, nchi iliyotawaliwa na Wareno kwa karne nne na nusu. Ndiyo maana wengi wao ni Wakatoliki wenye majina ya Kireno. Uhusiano wa Goa na Mombasa si wa juzi. Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, amri zao zilitoka Goa, makao makuu ya himaya yao ya mashariki. Msomi wa lugha hawezi kulisahau hilo, kwa kuwa lugha yetu yenyewe inalishuhudia. Meza tunayoandikia, leso wanayojifunga mama zetu, karata wanazocheza wazee barazani na gereza linalomtisha mhalifu, yote ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno. Gereza, kwa hakika, ni neno lao la kanisa, lililobadilika maana katika vinywa vya watu wa Mombasa. Na ngome ile ile ikaja kutumiwa na Waingereza kuwa jela hadi mwaka 1958.

Kwa hiyo, mtoto wa Kigoa aliyezaliwa Makadara mwaka 1937 hakuwa mtu aliyeshuka melini jana. Alizaliwa katika mji ambao ulikuwa umezoeana na watu wa kwao kwa zaidi ya miaka mia tatu. Lakini Kenya ya wakati huo ilikuwa nchi ya matabaka ya rangi. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa Wazungu, Waasia, Waarabu na Waafrika, na kila kundi lilikuwa na shule zake, hospitali zake na hata viwanja vyake vya michezo. Mtoto wa Kigoa alisoma na Wagoa, na mtoto wa Kimijikenda aliyebahatika kusoma alisoma katika shule ya misheni au ya serikali iliyotengewa Waafrika, tena yenye madawati haba. Michezo nayo ilifuata mkondo huo huo. Riadha ndiyo iliyokuwa miongoni mwa milango michache iliyoanza kufunguka, kwa kuwa saa ya mpima mbio haijui rangi. Anayefika wa kwanza amefika wa kwanza, awe nani.

Antao aliupitia mlango huo. Chini ya uongozi wa kocha wake, Ray Batchelor, alijifunza ufundi wa mbio fupi, ambao ni tofauti kabisa na ule wa mbio ndefu. Katika mbio ndefu mtu aweza kukosea mwanzo akarekebisha baadaye. Katika mbio fupi hakuna baadaye. Mkimbiaji huinama kwenye mstari, husubiri mlio wa bastola, na akichelewa kuinuka kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, mashindano yamekwisha. Mafunzo yake ni ya kurudia jambo moja mara mamia: kuchomoka, kuinua goti, kuachia mabega, kuupita mstari bila kupunguza mwendo. Ni kazi ya subira kwa ajili ya tendo lisilo na subira.

Mwaka 1958 alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Cardiff, Wales, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye hakurudi na nishani. Kenya, iliyokuwa imeanza kushiriki michezo hiyo mwaka 1954 tu, ilipata shaba mbili, moja ya Arere Anentia katika mbio za maili sita na nyingine ya Bartonjo Rotich katika yadi 440 kuruka viunzi. Miaka miwili baadaye alikwenda Roma kwenye Olimpiki ya 1960, akafika nusu fainali ya mita 100 na kuishia hapo. Mwanafunzi anayesoma habari hizi na atulie kidogo kwenye miaka hii miwili. Antao alishindwa Cardiff na hakufika fainali Roma. Lau angeyachukua matokeo hayo kuwa hukumu, leo nisingekuwa na la kuandika. Aliyachukua kuwa kipimo cha umbali uliobaki, akarudi kwenye mazoezi.

Mwaka 1962 ulikuwa wake. Katika majira ya kiangazi ya Uingereza alishiriki mashindano ya Chama cha Riadha cha nchi hiyo, ambayo kwa miaka mingi yaliwavutia wanariadha bora kutoka kila pembe ya milki ya Waingereza, akashinda yadi 100 na yadi 220. Kijana wa Mombasa akawa bingwa mara mbili katika mji mkuu wa wale waliokuwa wakiitawala nchi yake. Kisha ikaja Perth.

Michezo ya Perth ilianza tarehe 22 Novemba 1962. Wanaoikumbuka huitaja kwanza kwa joto lake, ambalo lilipita nyuzi 38. Wanariadha wa nchi za baridi walihangaika. Mtu aliyelelewa katika kaskazi ya Mombasa hakuwa na haja ya kuambiwa joto ni nini. Lakini joto peke yake halimshindii mtu. Aliyetarajiwa kutamba katika mbio fupi alikuwa Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa watu waliokuwa wakishikilia rekodi ya dunia ya mita 100 na ya yadi 100. Pia alikuwako Tom Robinson wa Bahama, aliyekuwa bingwa mtetezi wa yadi 220.

Katika fainali ya yadi 100 Jerome aliumia vibaya msuli wa paja na kumaliza wa mwisho. Kuna watu ambao hadi leo hulitumia jambo hilo kumpunguzia Antao sifa. Mimi naona hoja yao ni dhaifu, kwa sababu Antao alikimbia kwa sekunde 9.5, akimwacha nyuma Robinson na wengine waliokuwa wazima kabisa. Kisha akaingia katika yadi 220 na kushinda tena, kwa sekunde 21.1. Wasomaji wa leo waliozoea mita na wajue kwamba yadi 100 ni mita 91.44, na yadi 220 ni zaidi kidogo ya mita 201. Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia hilo darasani: gawanya umbali kwa muda, na utaona kwamba katika mbio ya kwanza alikwenda kwa wastani wa mita 9.6 hivi kwa sekunde, na katika ya pili, ambayo ni ndefu zaidi ya mara mbili, mita 9.5 hivi. Yaani umbali ulizidi maradufu lakini kasi yake haikupungua ila kidogo sana. Tena aliyafanya hayo kabla ya viwanja vya mpira tunavyoviona leo, ambavyo viliingia Olimpiki mwaka 1968.

Tangu michezo hiyo ianzishwe mwaka 1930, ni watu watatu tu waliokuwa wameshinda mbio zote mbili katika michezo mimoja: Arthur Sweeney na Cyril Holmes wa Uingereza, na John Treloar wa Australia. Antao akawa wa nne, na wa kwanza kutoka bara la Afrika. Kimaru Songok akaongeza fedha katika yadi 440 kuruka viunzi. Kijana mwingine wa Kenya aliyekuwa Perth kwa mara ya kwanza, ambaye hakupata nishani yoyote, alikuwa Kipchoge Keino. Hivyo, yule tunayemtaja kuwa mwanzo alikuwapo katika kikosi hicho hicho, akiwa bado ni mwanafunzi wa mashindano makubwa, pale mwenzake wa Pwani alipokuwa bingwa.

Ushindi huo ulipatikana chini ya bendera gani? Nchi iliitwa rasmi Koloni na Himaya ya Kenya, na uhuru ulikuwa bado mwaka mmoja na ushei. Mjini kwao Mombasa, juu ya Ngome ya Yesu, ilipepea bendera ya Sultani wa Zanzibar, kwa kuwa ukanda wa maili kumi za pwani ulihesabiwa kuwa mali yake. Goa, nchi ya wazee wake, ilikuwa imetwaliwa na India kutoka kwa Wareno mwezi Desemba 1961, chini ya mwaka mmoja kabla ya Perth. Kila upande aliogeukia, bendera zilikuwa zinashuka na nyingine kupanda. Mtu aliyezungukwa na maswali yote hayo ya nani ni wa wapi alijibu kwa namna moja tu: aliingia uwanjani kama Mkenya, akashinda kama Mkenya.

Na Kenya huru ilimtambua, angalau kwa siku moja. Nchi yetu iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa taifa huru, mjini Tokyo mwezi Oktoba 1964, aliyekabidhiwa bendera kuiongoza timu uwanjani alikuwa Seraphino Antao. Bendera yenyewe haikuwa imetimiza mwaka tangu ipandishwe. Kama mwanaisimu, napendezwa na jambo moja hapo: bendera nalo ni neno tuliloazima kwa Wareno. Wakati huo huo, wimbo wa taifa tuliokuwa tumeupata ulitungwa juu ya lahani ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Watu wa Pwani wanaodhani hawakuwa na sehemu katika kuzaliwa kwa taifa hili na wayatafakari hayo mawili.

Tokyo yenyewe haikumpa Antao nishani, wala hakufika fainali. Huko ndiko Wilson Kiprugut alikopata shaba katika mita 800, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Baada ya hapo Antao aliacha mashindano, na baadaye akahamia Uingereza. Jijini London ndiko alikofariki tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 73.

Miaka iliyofuata uhuru ilikuwa migumu kwa Waasia wa Kenya. Walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuamua kuhusu uraia. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa mwaka 1967 ziliwabana wale ambao hawakuwa raia, na mwaka 1968 maelfu walipanda ndege kwenda Uingereza kabla mlango wa huko nao haujafungwa. Sisemi kwamba hayo ndiyo yaliyomhamisha Antao. Mtu huhama kwa sababu zake. Ninalosema ni kwamba jamii ambayo ingemsimulia, ambayo ingewaonyesha wajukuu uwanja aliofanyia mazoezi, ilitawanyika. Sifa za mwanariadha huishi katika vinywa vya watu wa kwao. Watu wakiondoka, sifa hubaki yatima, isipokuwa shule iamue kuzilea.

Naomba tuazime mfano wa mbali kidogo. Visiwani Ufilipino alizaliwa mwogeleaji aitwaye Teófilo Yldefonso, kijana wa mji wa Piddig aliyejifunza kuogelea mtoni. Alipata shaba katika mita 200 za mtindo wa kifua mjini Amsterdam mwaka 1928, na akapata nyingine Los Angeles mwaka 1932. Ile ya Amsterdam ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake, na zote mbili zilipatikana wakati visiwa hivyo vikitawaliwa na Wamarekani. Alikuwa mwanajeshi, akafa mwaka 1942 katika kambi ya wafungwa wa vita ya Wajapani, miaka minne kabla ya nchi yake kupata uhuru. Hakuwahi kuogelea chini ya bendera ya taifa huru hata siku moja. Mwaka 2010 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Kuogelea, miaka 68 baada ya kifo chake. Mfano huu unatufunza kwamba mwanzo wa taifa katika michezo si lazima uanze na siku ya uhuru. Waliotangulia kabla ya bendera ni wetu pia, iwapo tutawadai.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Antao alicheza kwao, lakini ametunzwa kidogo mno. Nadhani sababu mojawapo ni jina lake. Mwanafunzi akilisikia jina la Seraphino Antao, sikio lake linamwambia kwamba huyu ni mgeni, na akili haiendi mbele zaidi. Sisi walimu wa lugha tunajua jinsi majina yanavyofanya kazi hiyo kimyakimya. Ipo pia methali nyingine isiyo ya heshima, inayosema Baniani mbaya kiatu chake dawa. Wagoa si Mabaniani, lakini sisi tumewatendea kwa mantiki ya methali hiyo: kiatu cha mkimbiaji tumekipokea, dhahabu tumeihesabu katika jumla ya taifa, na mwenyewe tumemwacha nje ya hadithi. Serikali ilipowatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017, Antao alikuwa amekwisha kufa miaka sita. Ni ajabu kwamba mtu aliyeibeba bendera ya Kenya Tokyo alifariki kabla watu wa kwao hawajapewa nafasi katika orodha ya makabila.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kwamba mtu mmoja wa mwaka 1962 hathibitishi kitu, na kwamba takwimu za riadha zetu zinaelekea upande mmoja wa nchi. Ni kweli kwamba katika mbio za masafa marefu, wanariadha wa nyanda za juu wametutia fahari kupita kiasi, na hakuna anayewanyima haki yao. Lakini mbio fupi hazidai nyanda za juu. Zinadai mwalimu anayejua kufundisha kuchomoka, kiwanja kilichopimwa, na mtoto asiyeambiwa mapema kwamba haiwezekani. Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 za Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwezi Agosti 2022, kwa sekunde 10.02, ilikuwa imepita miaka 60 tangu Perth. Kwa miongo yote hiyo sita hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda mbio hizo. Sidhani kwamba miaka 60 ilikosa watoto wenye kasi. Nadhani tulikosa kuwatafuta, kwa kuwa tulikuwa tumejifunza kumtafuta mwanariadha wa aina moja, mahali pamoja.

Basi nawaomba walimu wa shule za Mariakani, Kaloleni, Kilifi, Malindi na Pwani nzima mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. La kwanza, kipindi cha michezo kibaki kipindi cha michezo. La pili, anayefundisha historia, Kiswahili au hisabati amtie Antao katika mifano yake, kwa kuwa maisha yake yana ukoloni, maneno ya mkopo na hesabu za kasi kwa pamoja. La tatu, siku ya mashindano ya shule, mbio za mita 100 zipewe jina lake, na mwanafunzi mmoja asimame mbele ya wenzake aeleze kwa dakika mbili mtu huyo alikuwa nani.

Nanyi wanafunzi, msimwige Antao kwa kumsifu tu. Pimeni mita 100 kwenye uwanja wenu wa vumbi, mtafute mwenye saa, mkimbie, na mwandike muda mlioupata. Wiki inayofuata mkimbie tena. Huo ndio mwanzo wa kila bingwa wa mbio fupi, na hakuna sheria yoyote ya maumbile inayosema kwamba mwanzo huo hauwezi kuwa Mariakani.